Rimu kuingia si kukaa: Mambo ya kukagua kabla ya kubadili magurudumu ya gari la kasi

Kwa mtu apendaye gari lenye mbio, kitu cha kwanza anachotaka kubadilisha ni rimu. Injini imefunikwa na boneti, shokapu ziko uvunguni, lakini rimu huonekana na kila mpita njia. Hapa Gisenyi, kaskazini magharibi mwa Rwanda, ukitembea jioni ya Jumamosi kando ya Ziwa Kivu utaziona Subaru Impreza, Golf GTI na BMW zimeoshwa zikang'aa, na wenyewe wamesimama pembeni wakilinganisha rimu. Wengine hapa mpakani huziita janti, kama walivyozoea kusikia kwa Kifaransa. Jina si hoja.

Hoja ni kwamba mji huu haufikiwi kwa tambarare. Barabara itokayo Kigali, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 150, hupanda milima hadi nyanda za juu za Nyabihu, kisha huteremka kwa kona baada ya kona mpaka ziwani, ambako ni takriban mita 1,460 kutoka usawa wa bahari. Katika mteremko huo, gari lenye nati tano kila gurudumu linashikiliwa na nati 20 tu. Mke, watoto na mizigo, wote wako juu ya nati hizo.

Ndiyo maana nimeona niandike juu ya jambo hili. Nimekaa sana kwenye magereji ya mji huu na nimesikia swali moja likiulizwa kila siku: "Zitaingia?" Swali hilo halitoshi. Rimu inaweza kuingia na bado isikae. Kuingia ni matundu kupita kwenye boliti. Kukaa ni rimu kulala bapa kwenye habu, katikati kabisa, ikashikwa na nati zake, isiguse breki wala madigadi, na iweze kubeba uzito wa gari likiwa kwenye kasi.

Matundu matano si lugha moja

Tuanze na matundu. Kila rimu ina idadi ya matundu ya nati, na matundu hayo yamepangwa kwenye duara. Kipenyo cha duara hilo, ambacho mafundi hukiita PCD, hupimwa kwa milimita. Subaru Impreza WRX za mwaka 2001 hadi 2014 zina matundu matano kwenye duara la milimita 100, yaani 5x100. Lakini ndugu yake mkubwa, WRX STI, alihamia 5x114.3 kuanzia toleo la mwaka 2005. WRX ya kawaida ilimfuata katika toleo la mwaka 2015.

Kwa hiyo mtu akikwambia "hizi ni rimu za Subaru", bado hajakwambia kitu. Rimu ya STI ya mwaka 2006 haiwezi kuingia kwenye WRX ya mwaka huohuo, ingawa nembo ni moja na nyota ni zilezile.

Mitsubishi Lancer Evolution hutumia 5x114.3. Golf GTI ya kizazi cha nne ni 5x100, lakini ya kizazi cha tano na zilizofuata ni 5x112. BMW nyingi za miaka ya 1990 na 2000 ni 5x120.

Hatari kubwa haiko kwenye tofauti kubwa, kwa sababu hapo rimu itagoma yenyewe. Hatari iko kwenye tofauti ndogo. Kati ya 5x112 na 5x114.3 kila tundu limepishana na boliti kwa zaidi kidogo ya milimita moja. Fundi mwenye nguvu na spana ndefu ataweza kuzilazimisha. Boliti zitapinda kidogo, na chuma kilichopindwa kila siku huchoka. Hakitatoa taarifa siku kitakapokatika.

Tundu la katikati

Kipimo cha pili ndicho kinachosahaulika kuliko vyote. Katikati ya rimu kuna tundu kubwa linaloingia kwenye mdomo wa habu. Kwa Subaru za aina hii mdomo huo una kipenyo cha milimita 56.1. Kwa Toyota nyingi ndogo ni milimita 54.1, kwa Golf ni 57.1, na kwa Lancer Evolution ni 67.1.

Siku moja nilikuwa kwenye gereji iliyoko mtaa wa Mbugangari. Akafika kijana na Impreza ya bluu na rimu nne nzuri zilizotoka kwenye Toyota Caldina. Alikuwa amehesabu vizuri: Caldina ile ni 5x100, na Impreza yake ni 5x100. Fundi mdogo akaipachika ya kwanza. Matundu yalipita kwenye boliti bila shida, lakini rimu ikasimama kabla ya kufika mwisho. Kati yake na habu palibaki mwanya ambao ungeweza kupenyeza ukucha.

"Ikazwe tu, itajivuta yenyewe," kijana akasema.

Fundi mkuu, mzee aliyekuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akanyanyuka. "Mwanangu, haijivuti. Nati ndiyo inayoivuta, na haifiki. Ukishuka Nyabihu itajipanga upya, na nati zako zitakuwa zimelegea."

"Sasa mzee, nifanyeje? Nimeshazinunua."

"Upeleke kwa mtu wa mashine ya kukerezea. Akupanue tundu, milimita moja kila upande, asizidishe. Kama hana kipimo cha kushika katikati, usimpe."

Mzee yule alisema kweli tupu. Tofauti ya milimita 2 kwenye kipenyo inatosha kuifanya rimu iegemee ukingo wa habu badala ya uso wake. Nati zinakazwa, spana inaonyesha imekaza, lakini chuma hakijakutana na chuma. Baada ya kilomita chache za mitikisiko rimu inashuka mahali pake au inajichimbia, na ule mkazo wote unapotea.

Likiwa kubwa kuliko habu, tundu la katikati lina dawa nyepesi: pete maalumu ya plastiki ngumu au alumini inayojaza nafasi. Rimu ya Golf ya kizazi cha nne kwenye Subaru, kwa mfano, inahitaji pete ya kutoka 57.1 hadi 56.1. Bila pete, rimu inaweza kukaa pembeni kidogo, na usukani utatetemeka ukifika kilomita 80 au 100 kwa saa. Wengi hulaumu balansi. Wanarudi kupima balansi mara tatu, nne, wakati ugonjwa uko kwenye habu.

Nati zina meno tofauti

Boliti za Subaru zina unene wa milimita 12 na meno yaliyoachana kwa milimita 1.25. Za Toyota nyingi, Honda na Mitsubishi zina unene uleule wa 12, lakini meno yameachana kwa milimita 1.5. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Ukiweka nati ya Toyota kwenye boliti ya Subaru itazunguka raundi moja au mbili, kisha itagoma. Fundi mwenye haraka ataileta mashine ya upepo, na nati itaingia kwa kula meno. Hapo boliti imeshakufa hata kama inaonekana nzima.

Kanuni ni moja: nati ianze kwa vidole, na iende kwa vidole. Boliti iingie ndani ya nati kwa urefu usiopungua unene wa boliti yenyewe. Kwa boliti ya milimita 12 hiyo ni takriban raundi 8 kwa meno ya 1.5, na raundi 10 kwa meno ya 1.25.

Kuna na makalio ya nati, yaani sehemu inayogusa rimu. Rimu nyingi za Subaru na zile za kununua madukani hutaka nati yenye ncha ya koni. Honda nyingi hutaka mviringo kama mpira. Toyota nyingi zenye rimu za alumini kutoka kiwandani hutumia nati bapa yenye kola na washa. Ile rimu ya Golf niliyoitaja imetobolewa kwa ajili ya boliti yenye kichwa cha mviringo. Ukiifunga kwenye Subaru kwa nati ya koni, nati itagusa mstari mwembamba tu badala ya kulala yote. Hilo nalo ni kuingia bila kukaa.

Ofseti, ndani na nje

Ndani ya rimu, nyuma ya mikono yake, mara nyingi utakuta herufi ET na namba. Hiyo ndiyo ofseti. Inaeleza uso unaolala kwenye habu uko umbali gani kutoka katikati ya upana wa rimu. Namba ikiwa kubwa, gurudumu linaingia ndani ya gari. Ikiwa ndogo, linatoka nje.

Impreza WRX ya miaka ya 2000 yenye rimu ya inchi 17 kwa upana wa inchi 7 ina ET 55. Hiyo ni namba kubwa kuliko ya magari mengi. Rimu nyingi zinazouzwa zikiwa na mtindo wa kuvutia zina ET 35 au 38.

Tufanye hesabu. Unatoa rimu ya inchi 7 yenye ET 55, unaweka ya inchi 8 yenye ET 35. Upana umeongezeka inchi moja, yaani milimita 12.7 kila upande. Ofseti imepungua kwa milimita 20, na hizo zote zimeelekea nje. Jumla, ukingo wa nje umetoka kwa karibu milimita 33. Tairi litakwaruza madigadi kila gari litakapobeba watu wanne na kupita kwenye shimo. Beringi zitabebeshwa mzigo kwa mkono mrefu kuliko zilivyoundwa, na usukani utavutwa huku na huku kwenye barabara mbovu.

Ukikosea upande wa pili, yaani ofseti ikiwa kubwa mno, rimu itagusa shokapu au mikono ya uvungu. Wapo wanaotibu kwa kuweka spesa, yale mabamba ya kusogeza rimu nje. Spesa ina kazi yake, lakini kila milimita ya spesa iliyowekwa juu ya boliti za kawaida inaila nafasi ya nati. Rudi kwenye hesabu ya raundi hapo juu kabla hujakubali.

Breki kwanza, urembo baadaye

Magari ya kasi yana breki kubwa, na breki kubwa hutaka nafasi. WRX STI zenye breki za Brembo huhitaji rimu ya inchi 17 au zaidi. Hata hivyo si kila rimu ya inchi 17 inafaa, kwa sababu mikono ya nyingine imeingia ndani mno na itagusa kalipa. Dawa ni kuipachika rimu bila tairi, kukaza nati kwa mkono, kisha kuizungusha taratibu. Kati ya kalipa na rimu pabaki nafasi ya milimita 3 au zaidi pande zote. Chuma hutanuka kikipata moto, na kwenye mteremko wetu breki hupata moto kwelikweli.

Ukubwa una gharama yake

Hapa ndipo vijana wengi hunibishia. Wanaamini gari la kasi ni lazima livae inchi 18 au 19. Mimi huwauliza: je, mmewahi kutazama magari ya mashindano ya rali ya dunia? Kwenye changarawe huvaa rimu za inchi 15, na kwenye lami huvaa za inchi 18. Colin McRae aliposhinda Safari Rally ya Kenya mwaka 1997 akiwa na Subaru Impreza, na Richard Burns aliposhinda mwaka 2000 na gari la familia hiyohiyo, hawakushinda kwa rimu kubwa. Walivaa rimu ndogo na tairi lenye ubavu mrefu wa kumeza mawe.

Barabara kuu za Gisenyi zina lami nzuri. Lakini ukiingia mitaani, chini ni mawe ya volkano, meusi na makali. Nyiragongo iko ng'ambo tu ya mpaka. Ililipuka mwaka 2002, ikalipuka tena Mei 2021, na matetemeko yaliyofuata mwaka huo yalipasua nyumba na barabara hapa Rubavu. Katika ardhi ya namna hii ubavu wa tairi ndio mto wa rimu. Tairi la 205/55R16 lina ubavu wa karibu milimita 113. La 225/40R18 lina milimita 90. Umeupoteza upana wa vidole viwili hivi vya mpira, na jiwe lilelile ambalo jana lilikuwa mtikisiko leo ni ufa kwenye rimu.

Kipenyo kizima cha gurudumu nacho kihesabiwe. Chukua upana wa tairi, zidisha kwa asilimia ya ubavu, zidisha mara mbili, jumlisha na inchi za rimu zilizozidishwa kwa 25.4. Tairi la 205/55R16 linatoa milimita 632. La 225/45R17 linatoa 634. Hapo mabadiliko ni salama, hayafiki hata nusu ya asilimia. Lakini ukiweka 215/60R16 kwa sababu lilipatikana rahisi, unapata milimita 664, yaani zaidi kwa asilimia 5. Mshale wa spidi ukionyesha 60, gari linakwenda 63. Kamera za barabarani, zile ambazo Wanyarwanda wamezibatiza jina la Sofia, hazisomi mshale wako. Zinasoma mwendo wa gari.

Kwa wenye Subaru na magari mengine yanayovuta kwa magurudumu yote manne kuna onyo la ziada. Matairi yote manne yawe na ukubwa mmoja, aina moja na uchakavu unaokaribiana. Subaru yenyewe huelekeza kuwa tofauti ya mzingo kati ya tairi na tairi isizidi robo ya inchi, yaani milimita 6 hivi. Ukichanganya tairi mbili mpya na mbili zilizokwisha, difrensho ya katikati inafanya kazi mchana kutwa bila kupumzika, hata kwenye barabara iliyonyooka. Itachemka, kisha itakufa, na bei yake inazidi ya matairi manne.

Ukienda sokoni

Iwe ni Gatsata mjini Kigali, Kisekka mjini Kampala, Gerezani jijini Dar es Salaam au barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, rimu za mitumba huuzwa kwa kutazamwa usoni. Wewe igeuze. Nyuma ndiko iliko habari yake: upana, ET, na kwenye rimu za Japani alama ya JWL inayoonyesha kuwa imetengenezwa kwa kufuata viwango vya nchi hiyo. Ukiona na alama ya VIA, ujue imesajiliwa baada ya kupimwa. Isiyo na maandishi yoyote, iache.

Tafuta nyufa kwenye mizizi ya mikono na kuzunguka matundu ya nati. Rangi mpya iliyopakwa nene huficha mengi. Izungushe kwenye mashine ya balansi kabla ya kulipa; rimu iliyopinda itaonekana ikiyumba hata kwa macho. Rimu iliyochomelewa ukingoni ni ya kuogopwa, na iliyochomelewa kwenye mkono isinunuliwe kabisa.

Kwenye tairi, soma namba ya uzito. Namba 87 ni kilo 545 kwa tairi moja, 91 ni kilo 615, na 94 ni kilo 670. Usishuke chini ya ile iliyoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Soma pia tarakimu nne za mwisho za DOT: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na meno marefu na bado likawa zee.

Mwisho, rimu zikishafungwa, zikazwe kwa spana yenye kipimo, kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, na kwa kuruka nyota, si kwa kuzunguka. Kisha, baada ya kilomita 50 hadi 100, zikazwe tena. Ukiondoka Gisenyi asubuhi, hiyo ni kama kufika Musanze na kuvuka kidogo. Simama, toa spana, zipitie nati zote moja moja. Kazi hiyo haichukui dakika kumi, na ndiyo itakayokupa jibu la kweli kama rimu zako zimekaa au zimeingia tu.